Mpishi Asiyepikia Mkewe

Mume wangu alikuwa mpishi wa kusifiwa katika mashamba yote ya chai ya Kericho, lakini mimi sikuwahi kunywa hata maji aliyochemsha yeye. Kwa mzungu alikaanga, akaoka, akaimba. Akirudi kambini kwetu hagusi hata mwiko. Huko ziwani tulikotoka, mwanamume kuingia jiko la mkewe ni aibu ya kuchekwa kambi nzima, mpaka mji wa jirani wa Kapsoit.

Huyo mzungu wake aliwahi kuishi Uchina, akarudi na tamaa ya matango yaliyopondwa, yenye pilipili. Kila jioni mume wangu alinisimulia utamu wa matango hayo hadi mate yakanijaa. Nikimwambia, "Basi nitengenezee, mara moja tu," ananitazama kama nimemtukana. Iliniuma, jamani! Mzungu ale mapishi ya mkono wa mume wangu kila siku, mimi mkewe nikose?

Jumapili moja akaleta matango manne na siki kidogo kwenye chupa. Mama yake, aliyekuwa ametutembelea na mafuta ya simsim kutoka nyumbani, alikuwa ameenda kanisani. Mume wangu akaketi kwenye kigoda nje ya mlango, mgongo kwa jiko.

"Tengeneza. Mimi nitakuelekeza. Piga tango kwa ubavu wa panga, lipasuke."

Hapo shetani akaniingia. Nikachukua kisu nikaanza kulikata vipande vyembamba, polepole, asikie vizuri.

"Nimesema piga! Lisipopasuka halinyonyi siki!"

Nikachukua la pili, nikalitwanga kwa jiwe la kusagia hadi maji yakaruka ukutani. Nikasikia kigoda kinalia.

"Sasa chumvi," akasema, sauti imekonda.

"Nimeshatia. Naongeza na maziwa, lisikauke."

Maziwa! Maskini, hakuweza tena. Aliingia mbio, akanisukuma kando, akarudisha mlango. Pa! Pa! Tango la tatu likapasuka. Akalimegua kwa vidole, akatia chumvi, akalikamua maji. Akaponda kitunguu saumu na pilipili, akamimina siki, sukari kidogo, halafu mafuta ya mama yake. Nilisimama nikamtazama nikiona fahari, na kicheko nimekibana tumboni.

Mlango ukafunguliwa. Mama yake huyo, na kitambaa chake cha kanisani kichwani, majirani nyuma yake wakichungulia.

Mume wangu aliganda na bakuli mkononi. Mama alisimama pale pale mlangoni, akanyoosha mkono, akapokea bakuli, akaonja. Machozi ya pilipili yakamtoka. Akala kipande kingine, na kingine, hadi bakuli likawa tupu, na mimi nimeshika tama. Lo, njama yote ile, na hata kipande sikuonja!

"Nimekuzaa, nikakupikia mpaka ukaoa," akamwambia. "Leo ndiyo nakula mkono wako." Halafu akanigeukia. "Mwanangu, umemfanyia dawa gani?"

"Hakuna dawa, mama. Nimeharibu matango mawili tu."

Alicheka mpaka akajishika mbavu. Kisha akavuta kigoda, akakaa katikati ya mlango, akawapa majirani uso, akamrudishia mwanawe bakuli bila kugeuka.

"Limebaki tango moja. Mtengenezee mkeo. Anayetaka kucheka, aje acheke mbele yangu."