Dhahabu ya Lobule

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa mwanajiolojia mgeni kazini, katika idara ya serikali ya kuchunguza miamba. Kazi yetu ilikuwa ya utulivu. Unatembea porini, unagonga jiwe kwa nyundo, unalitazama kwa kioo cha kukuzia, unalitia mfukoni, unaendelea na safari. Sikujua kuwa jiwe linaweza kulindwa kwa bunduki mpaka nilipotumwa Koboko, kule mpakani.

Kapteni mmoja wa jeshi alikuwa ameona mawe yanayong'aa huko Lobule, akapiga simu kwa wakubwa wake kwamba amepata dhahabu. Nilifika na dereva wangu, mwenyeji wa Ayivu, si mbali na pale, tukamkuta kapteni amekaa kwenye kochi alilolitoa sebuleni kwake na kuliweka katikati ya shamba la muhogo. Kando yake koplo mmoja mrefu alikuwa analinda mwamba.

Niliokota kipande cha jiwe, nikakibandua kwa ukucha. Likatoka ganda jembamba kama la kitunguu. Dhahabu haibanduki hivyo.

"Afande," nikasema, "huu ni ulanga. Unang'aa tu."

"Dhahabu pia inang'aa."

"Ndiyo afande, lakini..."

"Mimi nasema kwa wakubwa iko dhahabu. Sasa wewe nataka mimi iko mwongo?"

Siku zile za utawala wa jeshi watu walipotea kwa sababu ndogo kuliko jiwe. Dereva akanikanyaga mguu, kisha akasema kwa upole, "Afande, pengine dhahabu iko chini."

Kapteni akatabasamu. "Mutu ya gari iko na akili. Chimba!"

Tukachimba. Tulipita udongo mwekundu, tukapita changarawe ngumu, tukafika kwenye mwamba uliooza na kulainika. Asubuhi moja tukakuta shimo limejaa maji safi.

Kilikuwa kiangazi, kijito cha pale kimekauka, na wanawake walikuwa wanakwenda mbali kuteka. Habari zilienea kabla ya jua kupanda. Wa kwanza kufika na mtungi alikuwa mama mwenye shamba lile lile tulilolichimba. Koplo akamzuia.

"Mama, amri inasema kitu isitoke kwa shimo."

"Mwanangu, muhogo yangu mmeng'oa. Maji nayo mnakataa?"

"Mimi nafahamu, mama. Lakini amri iko amri."

"Basi nitakunywa hapa hapa."

Koplo akafikiri, asione kosa. Mama akainama, akanywa mpaka akashiba, akajifuta mdomo, akageuka kwenda zake. Koplo akamrukia mbele, mikono ameitanua.

"Mama, usiende! Maji iko ndani yako!"

Sikucheka. Nilitaka, lakini koplo mwenyewe alikuwa karibu kulia, na bunduki ilikuwa begani. Mama aliketi chini, akanyoosha miguu, akatangaza kwamba yeye sasa ni mali ya serikali, na serikali imletee chakula. Dereva akampa mkate wetu. Alikaa pale mpaka kapteni alipofika alasiri.

Nilijua nikimwambia kapteni kwamba tumechimba kisima, nitakuwa nimemwita mwongo mara ya pili. Nikasema, "Afande, maji yanatuzuia kufika chini. Lazima yatolewe kila siku. Tunahitaji watu wenye vyombo."

"Watamwaga wapi?"

"Mbali sana, afande. Wakimwaga karibu yatarudi shimoni. Afadhali wayapeleke mpaka nyumbani kwao."

Kapteni akamgeukia koplo na kutoa amri: wanawake wote wa Lobule waripoti kila asubuhi na mitungi, na atakayekosa ataonekana adui wa maendeleo.

Kesho yake koplo alikuwa anawafokea waliochelewa kuteka. Kapteni alikuja kutazama kazi, akasikitika kwamba maji hayaishi. "Hawa wamama iko wavivu," akaniambia. "Lete mitungi kubwa." Mama mwenye shamba akaitikia, "Ndiyo, afande," akaja na watoto na wakwe zake wote.

Mwishowe petroli ikakosekana, nasi tukaitwa turudi. Kapteni naye akahamishwa, na kochi lake likaenda naye. Miezi mingi baadaye, nilipopita tena Lobule nikitokea mjini Arua, nilimkuta koplo bado yuko pale. Hakuna aliyekumbuka kumwondoa. Alikuwa amejenga kibanda cha nyasi, amelima kando ya shimo, na mama mwenye shamba alikuwa amempa binti yake amwoe.

"Mbona hurudi kambini?" nikamwuliza.

"Amri bado haijatoka."

"Na dhahabu je?"

Alichungulia shimoni kwa makini, kama mtu anayetaka kunijibu kwa haki.

"Bado," akasema. "Lakini maharagwe imekubali sana."