Rangi za Wifi Yangu

Nitasema mwenyewe kabla sijasemwa: nina wivu. Sikuuokota ukubwani, nilizaliwa nao. Tulipokuwa wadogo, kaka yangu akinunuliwa viatu vipya mimi nilishikwa na tumbo, na lilikuwa linauma kweli.

Studio ya picha ni ya kaka. Lakini kiti cha mbele ya kompyuta kilikuwa changu kwa miaka kumi na minane. Hapo ndipo picha zinapopita kabla ya kwenda kwenye printa, na ndipo kila mtu anapopewa rangi yake. Yuko mweusi ti, yuko maji ya kunde, yuko mwenye wekundu kidogo mashavuni, na yeyote ukimkosea anajiona mgonjwa. Programu yangu ilikuwa kuukuu, lakini ndani yake nilikuwa nimepanga vipimo vyangu vya wekundu, unjano na giza, kimoja kimoja, mpaka wateja wakanibandika jina la Mama Rangi.

Kisha kaka akaoa. Mwaka mzima wifi alikaa mapokezi, akiandika majina na kuita watu kwa zamu. Mwaka wa pili kaka akanunua kompyuta mpya, akaniambia, "Dada, mfundishe na wifi yako. Asubuhi wewe, mchana yeye. Na wewe upumzike kidogo."

Nipumzike! Akufukuzaye hakwambii toka. Nikajikaza kisabuni, nikasema sawa.

Kompyuta ilifunguliwa akaunti mbili, kila mmoja na neno lake la siri, na programu ile ya zamani ikawekwa humo. Nikapanga vipimo vyangu upya kutoka kwenye daftari, nikahifadhi, na asubuhi nzima watu wakaondoka na nyuso zao. Mchana wifi akaingia kwa akaunti yake. Kila aliyepita mikononi mwake akatoka mwekundu kama aliyechemshwa.

"Wifi, mbona rangi zako sizioni?" akaniita. "Huku kwangu vipimo vyote ni sifuri."

"Labda hujui pa kutazama, wifi," nikamjibu, kwa upole ule ambao wanawake tunaujua.

Wala mimi sikujua kwa nini. Nilijua siku tatu baadaye, fundi wa kompyuta alipokuja, wifi akiwa amempeleka mtoto wao kliniki.

"Programu yako ina tabia za kizamani," fundi alisema. "Inataka kuandika mipangilio ndani ya folda yake yenyewe. Kompyuta za siku hizi folda hizo zimefungwa. Sasa, badala ya kukwambia imekataa, inachukua ulichohifadhi inakificha kwenye akaunti yako wewe. Wifi yako akifungua, inamtafutia kwake, hakuna kitu."

"Na dawa yake?"

"Kuihamisha tu. Tunaitengenezea folda yake nje ya zile zilizofungwa, inaandika humo humo kama zamani, na nyote mkifungua mnakuta kitu kimoja. Dakika kumi. Nifanye?"

Nilipiga hesabu haraka. Kaka alikuwa ameshatamka kwamba nyuso zikiendelea kuwa nyekundu mpaka mwisho wa mwezi, mkewe atarudi mapokezi na kompyuta itabaki kwangu.

"Usijisumbue, fundi. Nimeelewa, nitafanya mwenyewe."

Sikufanya. Kila mchana nilisikia wateja wakinung'unika, nami nikinywa chai yangu taratibu. Ilikuwa tamu, siwezi kudanganya.

Wiki ya tatu manung'uniko yakaisha. Wifi alikuwa amejitafutia njia. Aliwakalisha wateja dirishani, akawawekea picha shavuni, akatazama, akarudi kusogeza kipimo kimoja, akachapa tena, na rangi ilipokubali akahifadhi. Karatasi alizoharibu zilijaa ndoo. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, na hakuna aliyemrudisha mapokezi. Halafu nikasikia kwa masikio yangu mteja akiuliza, "Yule dada wa mchana anaingia saa ngapi?" Asubuhi nikawa sina kazi ila kufuta vumbi kwenye printa. Roho iliniuma hata chakula hakikushuka.

Hapo ndipo nikaikumbuka dawa ya fundi. Niliihamisha programu kwenye folda yake, nikaweka humo faili la vipimo vyangu, nikamwambia kaka, "Nimeitengeneza. Sasa rangi ni moja, asubuhi na mchana." Akanishukuru sana.

Wifi alipofungua alikuta vipimo vyangu mahali pa vyake. Akanigeukia.

"Rangi zangu zimefutika?"

"Kompyuta hizi," nikasema, "nani anazijua?"

Hazikuwa zimefutika. Faili lake lilikuwa palepale kwenye akaunti yake, mahali ambapo programu haikutazama tena, na aliyejua hivyo ni mimi peke yangu. Ningeliacha huko mpaka leo. Lakini kijicho hakina subira, nilitaka kuona ana nini ambacho mimi sina. Siku ya pili, wenzangu walipotoka kwenda kula, nikaingia kwenye akaunti yake kwa mamlaka ya msimamizi wa kompyuta niliyopewa na kaka, nikalitoa faili lake, nikalitia mahali pa langu. Nikatafuta uso ninaoujua kuliko nyuso zote, picha ya mwisho ya mama yetu, ambayo ndugu zetu nimewachapia mara nyingi. Nikaichapa.

Aliyetoka alikuwa Mama. Picha zake zote nilizochapa kabla ya hiyo zilikuwa za mwanamke aliyefanana naye, safi, mweupe kidogo, jinsi nilivyotaka awe. Huyu alikuwa na weusi ule wa chini ya macho, na shingo ya mtu aliyefanya kazi juani. Wifi, mtu ambaye hakuwahi kumwona hata siku moja, ndiye aliyenirudishia Mama. Nililia, na hata katika kulia kule nilikuwa namwonea wivu.

Sikuwasikia wakiingia. Kaka akaiokota picha.

"Dada, umempata Mama. Nilijua ni wewe tu utakayempata."

Wifi alikuwa nyuma yake. Alitazama picha, akatazama vipimo kwenye skrini, akavitambua. Alinitazama tu, akaniacha nichague.

"Si mimi," nikasema. "Ni mkeo. Hizo ni rangi zake, nilimfichia."

Kaka hakuelewa, alitutazama kwa zamu. Wifi alielewa vizuri sana. Hakunikumbatia wala hakusema yamekwisha. Alivuta kiti, akaketi kando yangu, akaiinua picha kwenye mwanga wa dirisha.

"Hapa shingoni," akauliza, "alikuwa hivi, au nimezidisha?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakuta sina uhakika. Kaka ndiye aliyemjibu.