Lameki Aliyekwenda Nairobi Kutazama

Miaka ile baada ya vita vya Hitla, Wazungu waliosafiri kwa motokaa kutoka Rodeshia kwenda Nairobi walilala Makambako, wapumzishe injini na kulalamikia upepo. Katika nyumba ya wageni kando ya barabara, mtu aliyewachemshia maji ya kuoga, akawapasulia kuni na kubeba masanduku yao mpaka vyumbani alikuwa Lameki wa Kitandililo. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega mapana, Mlutheri wa kutokosa ibada, na mwepesi wa kuudhika.

Kilichomuudhi hakikuwa masanduku. Kilichomuudhi ni yale macho. Wageni hao walishuka, wakajinyoosha, halafu wakaanza kutazama. Walitazama nyumba, wakatazama wanawake wakitoka shambani, wakamtazama yeye na shoka lake. Siku moja mama mmoja wa Kizungu alimwomba avue shati ili picha ipendeze. Katika baridi ile!

"Hawa wanatafuta nini?" Lameki alimuuliza Methusela, mpishi wa nyumba hiyo.

"Hawatafuti kitu. Wanatembea."

"Wanamtembelea nani?"

"Hawamtembelei mtu. Wanatazama tu, kisha wanarudi kwao."

"Na nani amewapa ruhusa?"

Methusela alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Bwana Lameki, tangu lini kutazama kukataka ruhusa?"

Neno hilo lilimkaa Lameki rohoni. Alilichemsha pamoja na maji ya wageni msimu mzima, na mavuno yalipokwisha akatangaza nyumbani kwamba na yeye atakwenda Nairobi.

"Umepata kazi?" aliuliza Yudita, mkewe.

"Sikupata."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakwenda kutazama."

Yudita alimwangalia kama mtu anayeangalia chungu kilichopasuka bila kuguswa. "Si ungetazama hapa, baba watoto? Ng'ombe wako wamo katika mahindi ya jirani sasa hivi."

Habari ilienea Kitandililo yote. Watu walizoea vijana kwenda kwenye mkonge au migodini, na wagonjwa kwenda hospitali. Mtu mzima kwenda mji wa ugenini kwa ajili ya macho tu, hilo halikuwahi kutokea. Wengine walisema amerogwa. Nahumu, kaka yake Yudita, alisema hajarogwa, ni mkaidi tu, lakini kwa kuwa alikuwa shemeji mwema alimwazima kabuti lake.

Kabuti lile lilikuwa na sifa zake. Nahumu alirudi nalo kutoka vitani Burma, jeusi, refu, lenye vifungo vya shaba ambavyo mkewe alivisugua kwa majivu. Hakuna mtu Kitandililo aliyekuwa na vazi kama lile, na Nahumu alikuwa na shughuli nalo: mwanawe Ema alikuwa aolewe na kijana wa Kikinga, na wakwe walikuwa wanateremka kutoka Makete. Nahumu alitaka kumwingiza binti yake kanisani akiwa ndani ya kabuti hilo, wakwe wajue wamechukua mtoto wa mtu.

"Utalirudisha kabla ya harusi?" aliuliza.

"Shemeji, nitalirudisha na wewe utalivaa likiwa bado na harufu ya Nairobi."

Ushauri nao ulimiminika. Methusela, aliyewahi kupika Nairobi, alimpa mwingi zaidi. Fedha zishonwe kwenye pindo la suruali. Kula mahali wanapokula watu wengi. Ukitaka kuuliza njia, muulize mwenye duka au mama mwenye mtoto mgongoni, kwa maana hao hawawezi kukukimbia. Usisimame katikati ya barabara ukakodolea macho maghorofa. Usicheze karata na mtu anayekuacha ushinde mara ya kwanza. Jua likizama, uwe ndani. Lameki aliyashika yote, na njiani, kutoka Iringa mpaka Dodoma mpaka Arusha, aliyarudia kimoyomoyo kama katekisimu. Usiku wa baridi alijifunika kabuti, na abiria wenzake wakamwita afande.

Jambo moja tu hakuambiwa, na hakuambiwa kwa sababu hakuna mtu wa kwao ambaye lingemjia kichwani. Kwao mgeni hapokewi kwa maneno matupu, anapokewa kwa mzigo. Anayekutana naye kwanza humsalimu na kumpokea alichobeba. Mgeni akikataa, amemtukana. Akishautoa, hutangulia mbele, na mwenyeji humfuata nyuma na mzigo huku wakiulizana habari za nyumbani, za mvua, za ng'ombe, za wazee. Na mgeni hageuki. Kugeuka kuutazama mzigo wako ni kumwambia mwenzako kwamba ni mwizi. Mtoto wa Kibena huonywa jambo hilo mapema.

Basi lilifika Nairobi asubuhi, na jua lilikuwa limeanza kuwaka. Lameki alivua kabuti, akalikunja juu ya furushi lake, akabaki na koti lake la kanisani lenye viraka viwikoni. Hajapiga hatua, kijana mmoja aliyevaa nadhifu akamsogelea na kuinama kidogo.

"Shikamoo, baba. Pole na safari. Nipe nikupokee."

Lameki alisikia raha mpaka machozi yakamlenga. Kumbe waliusingizia mji huu! Alimpa furushi na kabuti kwa mikono miwili, akatangulia mbele.

"Nyumbani hawajambo?" iliuliza sauti nyuma yake.

"Hawajambo, mwanangu. Ni upepo tu."

"Na mvua, baba?"

"Mvua ilikuwa nzuri. Mahindi tumepata, na viazi. Ng'ombe mmoja alivunjika mguu, lakini amepona. Na wewe kwenu ni wapi?"

Sauti haikujibu. Lameki alidhani kijana ana haya. Akamweleza habari za kanisa, akamweleza habari za harusi ya Ema. Alitembea hivyo barabara nzima, akizungumza kwa adabu na hewa, mpaka mwanamke mmoja muuza ndizi alipomwambia, "Mzee, unaongea na nani?"

Ndipo akageuka.

Alikwenda mwenyewe kwa askari. Alikuta wawili kivulini, akawaeleza yote kwa mpangilio.

"Ngoja," alisema mmoja. "Alikunyang'anya?"

"Hakuninyang'anya. Alinipokea."

"Ulimpa wewe mwenyewe?"

"Nilimpa. Alinisalimu shikamoo."

"Na hukuangalia anakwenda wapi?"

"Ningegeukaje, bwana? Ningemfanya mwizi?"

Askari alimwita mwenzake asogee. "Njoo usikie huyu. Aliogopa kumfanya mwizi mwizi!" Wakacheka, wakapigana mabega. Walipomaliza, yule wa kwanza alijikaza uso. "Haya. Barua zako za ruhusa."

"Zimo katika mfuko wa kabuti."

"Umekuja kufanya kazi kwa nani?"

"Sikuja kufanya kazi."

"Nani amekuita?"

"Hakuna. Nimekuja kutazama."

"Kutazama nini?"

"Mji."

Sasa hawakucheka tena. Mtu mweusi bila barua, bila bwana, bila ndugu, mwenye fedha katika pindo la suruali, anayesema amekuja kutazama! Alitazama nini? Maduka ya nani? Madirisha yapi? Walimweka ndani ya uzio pamoja na wazururaji, na Lameki, aliyekuja kuwa mtazamaji, alishinda pale akitazamwa na kila mpita njia. Mchana walimpandisha gari la kurudi mpakani. Nairobi yote aliyoiona ni ile barabara moja aliyoitembea akiongea peke yake.

Aliporudi, Nahumu alikuwa amesimama kituoni Makambako kama shemeji apasavyo, mikono imekwisha kunyooshwa.

"Kamwene, shemeji! Lete mzigo."

Lameki hakuwa na cha kumpa. Alimweleza palepale, katika upepo, bila kupunguza neno. Nahumu aliishusha mikono polepole.

"Si tulikwambia ujihadhari?"

"Mlinionya juu ya wezi. Hakuna aliyenionya juu ya mtu wa kuniita baba."

"Jumamosi Wakinga wanakuja, Lameki. Mimi nitasimama mbele yao na nini? Na shati?"

Lameki aliinamisha kichwa. Ile ndiyo saa pekee ambayo hasira yake ilikosa pa kwenda.

Lakini haikukosa kwa muda mrefu. Kabla ya siku mbili kupita, Kitandililo nzima ilikuwa imejifunza kutoka kwake, na ilijifunza vibaya. Tereza, shangazi yake Yudita, alikuja kutoka Njombe kwa ajili ya harusi, na Lameki aliponyoosha mkono kumpokea kikapu, bibi huyo alikikumbatia kifuani. "Acha tu, mwanangu. Tumesikia ya Nairobi."

"Shangazi!" alifoka Lameki. "Mimi ni Nairobi? Yule ameiba kabuti moja. Ninyi mnataka kumpelekea na adabu yetu, na kikapu juu yake?"

Bibi alikitoa kikapu, kwa woga zaidi kuliko kwa heshima.

Siku mbili kabla ya harusi iliingia motokaa ya Mzungu na mkewe, imejaa masanduku mpaka juu. Nahumu alikuwa amekuja kumsaidia Lameki kuni, hivyo wakabeba wote wawili. Juu ya sanduku alilobeba Lameki lilikuwa limetupwa kabuti, jeusi, zito, la sufu njema. Mzungu na mkewe walitangulia, wakaongea mambo yao, na hawakugeuka hata mara moja.

"Shemeji," alinong'ona Nahumu, nusu utani. "Hili linanitosha."

"Nyamaza."

"Wala hawageuki. Hebu waone."

Lameki alikuwa amewaona, na ndilo lililokuwa likimchoma. Kwa kitambo kidogo alitaka kuamini kwamba watu hawa nao walifunzwa na mama zao. Halafu alielewa. Hawakugeuka kwa sababu hawakuwa na cha kuogopa. Kila askari, kutoka hapa mpaka Nairobi, alikuwa mtu wao. Walikuwa salama kama mtoto mgongoni, na hawakujua hata aliyewabeba.

Aliweka sanduku barazani, akalilaza kabuti juu yake. "Bwana, tazama."

"Nini?" Mzungu alijua Kiswahili kidogo cha jikoni.

"Mzigo yako. Tazama kama iko yote."

"Hapana taabu. Mimi najua wewe mtu mzuri."

"Hunijui," alisema Lameki. "Tazama."

Sauti ile ilimfanya Mzungu atazame kweli. Aligusa kila sanduku, akalipapasa kabuti mifuko. "Yote iko," alisema, akiwa haelewi.

"Na bwana anakwenda Nairobi kufanya nini?"

"Oh, hapana kazi. Natazama tu."

Nahumu alimvuta Lameki kwa shati mpaka nyuma ya jiko, kabla hajasema la kumpotezea kazi.

Jumamosi asubuhi Lameki alikwenda kwa Nahumu na koti lake la kanisani mkononi. Yudita alikuwa ameshona viraka upya usiku kucha, na alikuwa amekipaka kila kifungo mafuta. Nahumu alilijaribu. Lilimbana mabega na mikono ilikuwa mifupi.

"Na wewe utavaa nini?"

"Hilo silo la kuniuliza."

Hivyo Nahumu alimwingiza Ema kanisani akiwa ndani ya koti fupi lenye viraka, kichwa juu, na Wakinga wa Makete, ambao nao walikuwa na viraka vyao, hawakusema kitu. Lameki hakuwa na vazi la kuingilia ndani. Alisimama nje na blanketi lake, kwenye dirisha, upepo ukimpiga mgongoni. Wimbo wa kwanza ulipokwisha, mzee wa kanisa alitoka akamsogelea kwa kunyata.

"Ndugu Lameki, mbona uko nje? Unafanya nini hapa?"

Lameki hakupunguza sauti. Ndani waligeuka, na Nahumu, mbele kabisa, aliuma mdomo asicheke.

"Natazama," alisema. "Au na hapa inatakiwa ruhusa?"