Mwaka Niliomnyima Mama Chumvi

Nakumbuka, mwanangu, siku zile nne za kutoka Butembo, mama na mimi ndani ya lori, juu ya magunia ya maharage, vita nyuma yetu, vizuizi vya waasi mbele. Tulishukia Birere, mjini Goma, tukapanga chumba mtaa wa Murara, nikaendelea na masomo.

Mwaka wangu wa mwisho wa sekondari, prof, mwalimu wetu wa biolojia, alichora seli ubaoni, akaichorea milango midogo kwenye ukuta wake. Humo, alisema, ndimo chumvi na madini mengine hupita. Amri ya kukua ikiifikia seli, hupokezwa ndani mkono kwa mkono hadi kwenye milango, nayo mingine hufunguka zaidi, na seli hugawanyika. Kwenye saratani amri hiyo hainyamazi.

Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Muuguzi alikwisha kumwambia akapasuliwe, lakini aliogopa kisu, akaniuliza mimi. Nami, kwa daftari moja tu la biolojia, nikamjibu: tuache chumvi, milango ikose cha kuingiza, uvimbe utasinyaa.

Alinitii. Miezi saba alikula sombe, yale majani ya muhogo, bila chumvi.

"Mama, siku hizi unakulaka kama sungura?" jirani alimcheka.

"Mutoto yangu alisoma," mama akajibu. "Yeye njo munganga wangu."

Alisema hivyo kwa majivuno. Nimelala miji mingi tangu hapo, na maneno hayo hunitangulia kufika.

Kisha mlima ukatema moto, nyumba yetu ikafunikwa. Kambini tulikokimbilia, daktari mmoja mzee alimpima mama, akaniita kando. Nikamweleza yote.

"Chumvi ya sahani?" aliuliza. "Mwili unajua kujitunzia chumvi yake, kijana. Tena ile milango inatii tu. Amri umeiacha, umeenda kugombana na mulango. Alipashwa kupasuliwa wakati ule."

"Na sasa, muzee?"

"Sasa umupe chumvi. Akule vizuri."

Nilimpikia. Alikula vijiko viwili, akanisifu. Hakuniuliza kwa nini nimebadili dawa, wala mimi sikumwambia.

Siku ya tatu baada ya kumzika nilivuka mpaka kwa miguu. Goma sijarudi, na sitarudi.

Mwanangu, ukijua nusu ya jambo, sema kwamba ni nusu, hasa mbele ya anayekupenda, maana huyo hatakuuliza mara ya pili. Mungu akupe watu wa kukuamini, kisha awakinge na wewe.