Mayai ya Kobe Niliyoyageuza

Naikumbuka asubuhi ile, mwanangu, na kila nikiikumbuka natamani kujizaba kofi.

Babu yako, mzaa baba yako, aliokota mayai ya kobe kwenye shamba letu la mahindi kule tambarare, trekta lilipofukua shimo lao. Huku juu kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, baridi ingeyaua, kwa hiyo akatengeneza mashine ya kutotolesha mwenyewe: friji bovu, mchanga, balbu, bakuli la maji. Juu ya kila yai akachora alama kwa penseli.

Wiki kadhaa baadaye akaenda msibani, mji wa Mkuu. "Mama Neema, wewe ongeza maji tu," akaniambia.

Maji tu. Lakini mimi nafuga kuku, na sisi wa kuku alama ya penseli ni ya kujua upande upi umeshageuzwa. Nikasema mzee kasahau kunielekeza. Nikayageuza asubuhi na jioni, wewe ukiwa mgongoni, huku najisifu. Alipokaribia kurudi nikazirudisha alama juu, akute kazi safi.

Miezi ikapita, kimya. Asubuhi moja akayapasua uani, majirani wakiangalia. Ndani ya moja kulikuwa na kobe mdogo ameshaumbika, amekufa.

"Mzee, si ungetuambia mapema kwamba unapika supu," akasema jirani yetu, Baba Eliza. Watu wakacheka.

"Labda balbu imeyaunguza," babu yako akajibu polepole. "Maana sikuyageuza hata mara moja, alama zote zilibaki juu. Yai la kobe ukiligeuza, mtoto anafia ndani."

Nilisikia vizuri kabisa, birika la chai mkononi. Na nikacheka pamoja nao.

Tangu siku hiyo akaacha kukaa uani jioni. Akipita njiani, Baba Eliza anamuulizia supu. Mwishowe nikachuma jani la sale, lile tunaloombea msamaha na ambalo mtu hakatai, nikamfuata zizini akiwakatia ng'ombe migomba. Nikamweleza yote.

Akalipokea, akasema, "Nimekusamehe. Ila mimi nilichekwa uani, wewe umekuja kuniambia zizini."

Nilipandwa na hasira, nisikufiche. Nilitaka kumwambia sale halina masharti. Lakini alikosea wapi?

Jumapili baada ya misa nikaenda kwa Baba Eliza, majirani walewale wanakunywa pombe ya mbege, nikasimama katikati yao. "Yale mayai niliyaua mimi. Mwacheni baba." Hakuna aliyecheka.

Basi sikia, na usininunie. Ukikabidhiwa kazi ya mtu, muulize kwanza alama zake zina maana gani, ndipo ulete ujuzi wako. Na ukimwachia mwenzako abebe aibu yako mbele ya watu, usimwombe radhi mafichoni. Rudi kwa walewale waliocheka, useme kwa sauti. Mimi nilichelewa, ndiyo maana mpaka leo nikimpa shikamoo yangu asubuhi natazama chini.

Mungu akupe ulimi wa kusema kosa lako siku ileile, mwanangu, na akuepushe na kicheko kama kile changu.