Mume Wangu Alipoacha Kunijibu

Mume wangu aliacha kunijibu taratibu, kama mtu anayehama nyumba kwa kubeba kitu kimoja kimoja. Mwanzoni ilikuwa mara moja moja. Niko jikoni, namuuliza kama mlenda niutie karanga au niuache hivyo hivyo, naye kimya. Namuita tena, kimya. Nikitoka namkuta amekaa sebuleni, macho dirishani, wala hageuki.

Tunaishi Misigiri, hatua chache kutoka barabara kuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Yeye ni fundi wa mashine ya kukamua alizeti, kazi aliyoianza kabla hatujaoana. Watoto wetu wawili wamekwishaondoka: wa kwanza ameolewa, wa pili yuko chuoni. Tumebaki sisi wawili, na kwenye nyumba ya watu wawili, mmoja akinyamaza, nyumba nzima imenyamaza.

Zamani akirudi kazini alianza kuongea tangu mlangoni. Angenisimulia nani kaleta alizeti yenye mchanga, nani kagombania mashudu ya kulishia ng'ombe. Sasa akifika anaoga kuondoa mafuta na vumbi, anakaa, anafungulia redio kwa sauti kubwa mpaka hata mbuzi wa jirani wanaijua taarifa ya habari. Nikimwomba apunguze, hajibu. Mimi nikaona ni dharau. Nikajiambia, huyu anaona afadhali redio kuliko mimi.

Halafu akaacha kwaya. Mume wangu ni mwimbaji wa sauti ya nne, sauti nzito ambayo ndiyo iliyonifanya nimtazame mara ya kwanza tulipokuwa vijana. Miaka yote hajawahi kukosa mazoezi ila akiwa mgonjwa. Safari hii alisema tu, "Nimechoka," na Jumapili akawa anakaa benchi la nyuma, midomo imefungwa, hata kwa nyimbo anazozijua tangu utotoni.

Siku moja mama jirani aliniita kwenye uzio wa minyaa.

"Mwalimu, samahani kwa nitakalosema. Mzee wako siku hizi ana nini?"

"Kwa nini?"

"Wanangu wamemwamkia mara mbili barabarani. 'Shikamoo babu, shikamoo babu.' Anapita kama hakuna mtu. Au tumemkosea?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Huku kwetu mtu mzima anaweza kusamehewa mengi, lakini kuwanyima watoto marahaba si jambo dogo. Nilimwambia ana mawazo ya kazi. Nikarudi ndani nikiwa nimeudhika kuliko yeye.

Lililonimaliza kabisa lilikuwa simu. Simu ikiita, aliichukua akatoka nayo nje, akaenda mpaka nyuma ya banda la kuku, mbali na nyumba. Alirudi baada ya dakika kumi, ishirini, bila kusema alikuwa anaongea na nani. Mtu wa miaka hamsini na tano anaongea na simu nyuma ya banda la kuku! Ningewaza nini mimi?

Niliwaza kila kitu. Nilikuwa nasahihisha madaftari huku mawazo yananiletea picha. Karibu na mashine yao kuna mama mmoja anauza chai na chapati, mcheshi, mzuri wa sura. Nikamchagua huyo. Hakuna aliyeniambia, nilimchagua tu. Siku moja nikatoka shule mapema, nikapita pale kama mtu anayetaka chapati, nikamuuliza kwa ujanja kama mume wangu huwa anakula kwake.

"Mzee wako? Anakula," akasema. "Lakini siku hizi haongei. Anaagiza kwa kidole tu."

Mtu mwenye akili iliyotulia angejiuliza kwa nini. Mimi niliondoka nikisema moyoni: wanafichana vizuri.

Kipindi hicho kanisani tulikuwa na semina ya akina mama. Mama mmoja aliyetoka mjini alitufundisha kuwaza mema. Alisema tuandike mambo matano mazuri ya mtu tunayempenda, tubandike mahali tutakapoyaona asubuhi. Nikaandika: hajawahi kunipiga, alimuuguza mama yangu kama mama yake, ana sauti nzuri, si mlevi, anajua kucheka. Nikabandika ndani ya mlango wa kabati. Kila asubuhi nikivaa nasoma. Sitasema uongo, ilisaidia kidogo, hasa lile la mama yangu. Lakini ilikuwa sawa na kupaka mafuta kidonda ambacho mwiba bado umo ndani. Nikifika shuleni mwiba unachoma palepale.

Nilichokuwa sijafanya, katika miezi yote ile, ni kumuuliza. Niliogopa jibu.

Ikaja Jumamosi moja asubuhi. Nilikuwa nimekwenda kuokota mayai, simu yake ikaita, nikamwona anakuja nayo kule kule kwenye kuku. Mimi nilikuwa ndani ya banda, nimeinama, hakuniona. Akasimama upande wa pili wa ukuta wa mabanzi. Akaiweka simu kwenye sauti ya nje, akaishika mbele ya uso kama mtu anayejitazama kwenye kioo.

"Umeshamwambia mkeo?" Sauti ilikuwa ya mwanamke, tena kubwa.

"Bado," mume wangu akajibu.

Nilikaa chini kwenye samadi ya kuku, mayai yakiwa kwenye kanga, nikayakumbatia yasivunjike. Sijui kwa nini niliyahurumia mayai wakati ule.

"Mpaka lini? Atakuja kuambiwa na watu!"

"Naogopa."

"Unaogopa nini? Kwani masikio ni dhambi? Baba naye si alianza hivyo hivyo? Mwambie, akupeleke hospitali!"

Ndipo nikaitambua ile sauti. Alikuwa wifi yangu wa Kiomboi, dada yake mkubwa, ambaye nimekula naye chakula mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Masikio. Nilirudia lile neno kimoyomoyo mara mbili tatu. Redio, kwaya, shikamoo za watoto, kidole cha kuagizia chapati, vyote vikajipanga mbele yangu bila mimi kuvishika. Kwanza nilitaka kucheka. Halafu nikalia. Halafu, nakiri, nikakasirika kwamba nimekonda miezi yote ile kwa ajili ya masikio.

Alipomaliza kuongea nilitoka bandani, majani kwenye nywele, machozi usoni. Alishtuka akataka kuificha simu mfukoni.

"Umesikia?" akauliza.

"Nimesikia. Wewe je, unanisikia mimi?"

Alikuwa anatazama mdomo wangu. "Nikikutazama, nakusikia."

Tulikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, akanieleza. Sikio la kulia lilianza kufifia misimu miwili ya mavuno iliyopita. La kushoto lilikuwa zima, kisha nalo likaanza kuziba, kila kitu kikawa kama kinasemwa ndani ya debe. Kwaya aliacha kwa sababu alikuwa hajisikii tena kama yuko kwenye sauti au ametoka.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mashine ikiwa na ubovu, fundi anaujua kwa sikio kabla ya jicho," akasema. "Nikisema sisikii, nani ataniachia mashine? Halafu…" Akabandua ganda la gogo. "Unakumbuka tulivyokuwa tunampigia baba kelele? Hata akiombwa chumvi anapigiwa kelele. Wajukuu wanacheka. Sikutaka uanze kuniongelesha hivyo."

Nilikumbuka. Mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa waliocheka.

"Mimi nilidhani una mwanamke," nikamwambia, nikiwa nimetazama chini.

"Nina nini?"

"Mwanamke."

Akatega sikio. "Nina nini?"

"MWANAMKE!"

Upande wa pili wa minyaa sufuria iliyokuwa inasuguliwa ikanyamaza ghafla. Mama jirani alikuwa amesikia vizuri sana. Mume wangu alinitazama, akatazama minyaa, akacheka mpaka akashika mbavu. Ilikuwa miezi tangu nisikie kicheko kile. Nikacheka naye, na safari hii hatukumcheka mtu yeyote.

Jumatatu niliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tukapanda basi la asubuhi kwenda Singida Mjini. Daktari wa masikio alikuwa binti wa umri wa mwanangu. "Shikamoo mzee," akasema. Mume wangu alikuwa anasoma bango ukutani. Nikamgusa bega, nikamwonyesha kwa macho. "Marahaba, mwanangu," akajibu haraka, kwa aibu, na yule binti akatabasamu kama mtu ambaye ameshapata nusu ya majibu.

Alimulika sikio la kushoto, akaniita nami nitazame. Lilikuwa limejaa nta ngumu iliyochanganyika na vumbi, ukuta mzima. Akaweka dawa ya kulainisha, tukasubiri kwenye benchi, kisha akalisafisha kwa maji ya uvuguvugu. Sitaeleza kilichotoka. Baada ya hapo akamwingiza kwenye chumba kidogo, akamvisha vifaa masikioni, akamwambia anyooshe mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikuwa natazama kupitia kioo. Kwa sikio la kushoto mkono ulipanda na kushuka vizuri. Walipohamia la kulia, mkono ulikaa juu ya goti muda mrefu, na yeye amekaza macho kama mwanafunzi anayetafuta jibu. Nilitamani ninyooshe mkono kwa niaba yake.

"La kushoto liko vizuri," daktari akasema. "La kulia limechoshwa na kelele za mashine. Halitarudi kama zamani, mzee, nisikudanganye. Lakini kulizuia lisizidi hapo tunaweza. Kuanzia leo usiingie kwenye mashine bila vizuia kelele." Kisha akanigeukia. "Na wewe mama, usimwongeleshe ukiwa chumba kingine. Mfuate, akuone, ndipo useme."

Tulipotoka nje kwenye kokoto, mume wangu alisimama. Akapiga hatua mbili, akasimama tena.

"Nini?" nikauliza.

"Viatu vyangu," akasema. "Vinapiga kelele."

Alitembea mpaka kwenye mgahawa akiwa anasikiliza viatu vyake. Tulipoagiza wali, nikamwambia kwa nguvu zote, kama nilivyozoea tangu Jumamosi, kwamba anywe maji. Watu wa meza tatu wakageuka.

"Mwalimu," akaniambia polepole, "mbona unapiga kelele?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikilifikiria agizo la daktari kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Mfuate, akuone, ndipo useme. Nilipojaribu kulitii niligundua kwamba kwa miaka, hata kabla ya masikio kuharibika, nilikuwa naongea na mgongo wa mume wangu. Namuuliza jambo huku napepeta mchele. Namjibu huku nasahihisha hesabu. Nilimlaumu kwamba hanisikilizi, na mimi mwenyewe sikuwa namtazama. Ningemtazama usoni hata wiki moja tu ningeona jinsi anavyofuata midomo ya watu.

Sasa nikitaka kumwambia kitu ninaweka mwiko chini, napangusa mikono, naenda alipo. Ni hatua kama kumi na mbili, na maneno mengine yanakwisha njiani, naona hayakuwa na maana. Yanayofika ndiyo nilitaka kweli kuyasema. Siku nyingine nasahau, nabweka kutoka jikoni kama zamani, sipati jibu, na hasira inaanza kunipanda kabla sijakumbuka. Kuhusu kuwaza mema, bado naona yule mama wa semina alisema kweli. Ila ningeongeza jambo moja: kabla ya kumwazia mtu mema au mabaya, muulize. Kuuliza kungeniokolea kilo nyingi.

Yeye naye alifanya ya kwake bila kusukumwa. Alikwenda kwa mama jirani, akakaa kwenye kigoda, akaita watoto, akawaambia, "Mkiniamkia pitieni upande huu wa kushoto. Huu mwingine umelala." Watoto wakaona ni mchezo, sasa wanamzunguka kwanza ndipo wanasema shikamoo. Mwenye mashine naye aliambiwa. Mume wangu alirudi siku ile ametulia, mabega yamelegea kama mtu aliyetua mzigo. Mwenye mashine alikuwa amemwambia kwamba afadhali fundi mwenye sikio moja anayeijua mashine kuliko mwenye masikio mawili asiyeijua. Kwaya amerudi, anasimama mwisho wa mstari, sikio bovu upande wa ukuta.

Mwezi uliopita tulirudi hospitali kupimwa tena. Nilikaa kwenye benchi nimeshika mkoba kwa mikono miwili. Yule binti alitoka na karatasi, akasema sikio la kulia liko palepale, halijashuka hata kidogo, na la kushoto ni zuri. Mume wangu alimshukuru mara tatu. Tukanunua vitunguu sokoni, tukapanda basi, tukafika nyumbani jua bado kali. Nilivua viatu, nikajilaza kitandani nipumzike kidogo tu. Nilikuja kuamka harufu ya vitunguu imejaa nyumba nzima, chakula kiko mezani kimefunikwa, na yeye amekaa ukingoni mwa kitanda, amenigusa bega, anasubiri nifumbue macho ndipo aniambie kwamba kipo tayari.