Salamu Iliyomtaja Mzee Mhina

Siku yangu ya kwanza kazini, Wakili Mwandamizi hakunipa kalamu. Alichukua jalada, yaani faili la mteja, akalilaza kifudifudi mezani. "Akiingia mtu mwingine, hata mke wangu, jalada lilale hivi," akasema. Mimi mdadisi tangu utotoni. Nikajiuliza karatasi ina aibu gani. Ofisi ilikuwa Ngamiani, juu ya duka la vitambaa, na kazi ya karani wa wakili ni kuandaa hati, kuzipeleka masjala ya mahakama na kufunga mdomo. Hilo la mwisho ndilo gumu.

Wakili Mwandamizi alipostaafu, ofisi ikashikwa na Mama Wakili, aliyefundishwa naye. Zama nazo zilikuwa zimebadilika. Wakulima wa machungwa wa Muheza walikuja kupinga kuondolewa mashambani, na nyuma yao wakaja maofisa wa serikali, wapole kweli, wakitaka tu kujua nani anawaongoza. Mama Wakili aliwapa chai, jina hakuwapa. Nikamuuliza kuna ubaya gani, mahakamani si litajulikana?

"Litajulikana akitaka mwenyewe. Hii ni amana, Bwana Salimu."

Asubuhi moja ofisa yuko kwenye benchi anakunywa chai, akaingia mteja wetu, mzee mmoja wa Kibondei. Upesi nikalaza jalada kifudifudi, nikajiona hodari. Kisha nikainuka kama nilivyolelewa: "Shikamoo Mzee Mhina. Hawajambo Muheza? Na wenzio wa kamati ya wakulima?" Ofisa akamaliza chai yake taratibu, akaaga.

Jioni ile Mzee Mhina akakamatwa. Mama Wakili alimfuata kituo cha polisi, akakataa kuondoka bila kumwona mteja wake. Kwa hilo wakasema amezuia kazi, leseni yake ya uwakili ikasimamishwa mwaka mzima. Nilikiri kosa langu mbele yake nikilia. Hakunigombeza, alisema adhabu ile waliotakiwa kuiona ni mawakili wengine. Na waliona. Wakulima walizunguka mji wakitafuta wa kuwasimamia, kila ofisi ya wakili ikadai ina shughuli nyingi, mpaka leseni ya Mama Wakili iliporudi.

Sasa nimestaafu, nakaa Nguvumali, na udadisi haujaniisha: wakili hufundishwa woga kwa siku ngapi? Majirani hunitania kuwa uzee umenila, maana nawasalimu bila kuwataja majina. Nawaacha waseme.

Mwezi uliopita Mzee Mhina, aliyeachiwa siku nyingi, alinijia na kikapu cha machungwa, majirani wamejaa barazani. Nikasema, "Shikamoo, baba," nikaishia hapo.

"Marahaba," akajibu, kisha akaniita kwa jina langu na la baba yangu, kwa sauti, mtaa mzima ukasikia.